Basil D'Oliveira na zile "sababu za kiufundi"

Juzi kwa kinyozi, Magomeni, kijana mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake alisema neno ambalo nimelisikia mara nyingi mno: "Mzee wangu, siasa isiingizwe michezoni." Waliokuwa kwenye benchi wakaitikia. Nilimuuliza kama anamjua Basil D'Oliveira. Hamjui. Simlaumu, kriketi kwetu ni mchezo wa wachache. Ila tangu siku ile nimekuwa na donge kooni, na leo nalitoa.

D'Oliveira alizaliwa Cape Town mwaka 1931. Makaburu walimweka kundi la machotara, na kwa hiyo timu ya taifa ya Afrika Kusini haikuwa yake, hata angepiga mpira ukavuka bahari. Alicheza kwenye viwanja vya changarawe. Mwaka 1958 aliongoza timu ya wasio weupe kuja kucheza huku kwetu Afrika Mashariki, na huko ndiko walikoonja heshima ya kupokewa kama wageni wa kimataifa. Kisha akamwandikia barua mtangazaji wa kriketi wa Uingereza, John Arlott, akiomba atafutiwe klabu. Majirani na marafiki wakachangishana nauli. Aprili 1960 akatua Uingereza kuchezea klabu ya Middleton, akawa anatafuta kwa macho mlango wa watu wa rangi yake. Haukuwepo. Alishangaa kuona Mzungu akimhudumia mezani.

Nani aliiingiza siasa hapo? Yeye alitaka kupiga mpira tu.

Sasa njoo Agosti 1968. Uingereza inacheza na Australia uwanja wa The Oval, na D'Oliveira, ambaye sasa ni mchezaji wa Uingereza, ameitwa dakika za mwisho baada ya Roger Prideaux kujitoa. Akiwa na mikimbio 31, yaani pointi za mpigaji, mlinda wiketi wa Australia, yule mdakaji wa nyuma ya mpigaji, anaudondosha mpira ambao ungemtoa. Anaendelea mpaka 158, kazi ya mabingwa. Timu ya kwenda Afrika Kusini inatangazwa siku chache baadaye, na jina lake halimo. Kikosi kilichaguliwa kwa kuangalia kriketi peke yake, wakasema wakubwa. Sisi tungesema sababu za kiufundi.

Maneno hayo ndiyo yanayonichoma. Niliwahi kuambiwa hivyohivyo nikiwa shule, nikiachwa kwenye timu, nami nikaenda nyumbani nikidhani miguu yangu ina kasoro. Uchungu wa neno "kiufundi" ni kwamba linamfanya aliyeonewa ajichunguze mwenyewe badala ya kumtazama aliyemwonea. Na huko Uingereza ukweli ulikuwa unajulikana. Tangu Machi mwaka huo Vorster, waziri mkuu wa makaburu, alikuwa amemwambia Lord Cobham, rais wa zamani wa MCC, klabu iliyopeleka timu ya Uingereza ziarani, kwamba timu yenye D'Oliveira haitapokewa. Habari zikawafikia vigogo wachache wa MCC, wao wakaificha kamati yao wenyewe. D'Oliveira alisikia kwa redio, Worcester, kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Mtu mzima yule alilia.

Kisha Tom Cartwright akaumia na kujitoa. Cartwright, mmoja wa waliochaguliwa, alikuwa mrushaji wa mpira. Wiki chache nyuma wateuzi walisema D'Oliveira wanamhesabu kama mpigaji, na wapigaji wanao bora zaidi. Sasa, kelele za wananchi zikiwa zimepanda, mpigaji yuleyule akafaa kuziba nafasi ya mrushaji. Ufundi gani huo unaobadilika ndani ya wiki tatu? Vorster akasimama Bloemfontein akasema hiyo ni timu ya wapinga ubaguzi, na ziara ikafutwa. Miaka miwili baadaye ikafutwa ziara ya Afrika Kusini nchini Uingereza, na makaburu wakakaa nje ya kriketi ya kimataifa mpaka 1991.

Nakubali, japo kwa shingo upande, kwamba kususia kuna maumivu yake. Kwa sababu ya ubaguzi huohuo Tanzania ilisusia Olimpiki ya Montreal 1976, na mwanariadha wetu Filbert Bayi, aliyemshinda John Walker wa New Zealand kule Christchurch 1974 kwa rekodi ya dunia, hakukimbia. Walker akachukua dhahabu ya mita 1,500. Hilo linaniuma hadi leo. Lakini lawama naipeleka kwa waliojenga ubaguzi na waliocheza nao.

Kijana akaniuliza kama jamaa alikuwa mzuri kweli. Nikampa hesabu: mechi 44 za Test, zile ndefu za mataifa, mikimbio 2,484, wastani wa 40. Akasema, "Sasa mbona siyo nyingi sana?" Nikamweleza kwamba alipovaa jezi ya Uingereza kwa mara ya kwanza, Juni 1966, alikuwa na miaka 34, na Waingereza hawakujua. Alikuwa amejipunguzia umri, kwa hofu kwamba wakiujua hawatamchukua.