Kitanzi Chini ya Uzio

Mfugaji wa kondoo kwenye nyanda za Edwards, Texas, hana haja ya kumfuata koyote porini. Anakagua uzio wake tu. Mnyama huyu, jamaa wa bweha wetu, anaweza kuruka, ila mara nyingi huona afadhali apite chini: anafukua, anajibana, anapenya. Nyuma yake hubaki nywele kwenye waya wa chini na udongo uliosuguliwa hadi ukalainika. Hapo mtegaji huning'iniza kitanzi cha waya wa chuma uliosokotwa, chenye kifungio kinachoteleza. Koyote akisukuma kichwa, kinakaza. Chambo hakihitajiki, njia yenyewe inatosha. Linalobishaniwa ni kama mtego wa namna hii uruhusiwe.

Kwetu, tukisikia kitanzi cha waya tunawaza nyumbu wa Serengeti na ujangili. Texas hali ni nyingine, na hoja ya mfugaji ina uzito. Takwimu za Wizara ya Kilimo ya Marekani zimeonyesha kwamba zaidi ya nusu ya kondoo wanaouawa na wanyama wala nyama nchini humo ni windo la koyote. Zamani dawa ilikuwa sumu, hadi Rais Nixon alipoipiga marufuku kwenye ardhi ya serikali kuu mwaka 1972, maana ilikuwa ikiua tai na mbwa vilevile. Kitanzi kilichotegwa kwenye tundu lililofukuliwa jana, kando ya malisho yenye wanakondoo, kina nafasi nzuri ya kumpata yuleyule anayekuja kula. Wanaowinda koyote kwa bunduki kutoka kwenye ndege hawawezi kudai hivyo kuhusu kila koyote wanayemwangusha.

Tatizo ni kwamba uzio unabadilisha kazi ya mtego. Mahali pa wazi, kitanzi chenye kifungio kinacholegea na kiungo kinachozunguka kinaweza kumshika mnyama hai, kama mbwa aliyefungwa kamba, mpaka mtegaji afike. Akiwa si yule aliyekusudiwa, anaachiwa. Kwenye uzio, mnyama hujirusha huku na huku, waya ukajizungusha kwenye nguzo, au akavuka upande wa pili na kubaki akining'inia. Hapo kulegea kwa kifungio hakusaidii kitu. Scotland ililiona hili mapema: kanuni zake za mwaka 2010 zilikataza kutega mahali ambapo mnyama anaweza kuning'inia. Wales ikafuta vitanzi kabisa mwaka 2023, na Scotland yenyewe ikafuata mwaka 2024.

Tena tundu la uzio halina mwenyewe. Texas, kulungu wachanga hupita humo, na javelina pia, wanyama wanaofanana na nguruwe. Kaskazini zaidi, Wyoming na Montana, yuko pronghoni, mnyama anayefanana na swala na mwenye mbio kuliko wote Amerika, lakini kuruka uzio hataki. Hutambaa chini ya seng'enge. Wahifadhi huwaomba wenye mashamba wainue waya wa chini ili apite. Basi mlango anaofunguliwa pronghoni ndio huohuo ambao mtegaji angependa kuuwekea kitanzi. Waya unaokatika mnyama mzito akivuta husaidia kiasi, lakini haumsaidii ndama wa kulungu.

Mimi naona mjadala huu unachanganya watu wawili. Yupo anayelinda kondoo, na yupo anayetafuta ngozi. Wa pili alikuwa na soko zuri wakati kofia za makoti ya baridi zilipambwa manyoya ya koyote. Mwaka 2021 kampuni ya makoti hayo, Canada Goose, ilitangaza kuacha kununua manyoya. Huyu mtafuta ngozi hana mwanakondoo wa kuonyesha, wala hawezi kusema koyote aliyemnasa alikuwa na kosa gani. Kumruhusu atege kwenye uzio wa ardhi ya umma, wanakotembea watu na mbwa wao, ni vigumu kutetea. Jimbo la New Mexico lilifikia kukataza hilo baada ya mbwa aitwaye Roxy kufia kwenye kitanzi mwaka 2018. Sheria iliyopewa jina lake ilipitishwa mwaka 2021. Colorado iliwatenganisha watu hawa wawili zamani, kwa kura ya wananchi ya mwaka 1996: ilikataza vitanzi, ikamwachia mfugaji anayepata hasara mlango mdogo, kwa muda maalumu.

Mlango huo ningeuacha wazi, kwa sharti la ukaguzi wa kila siku, kama sheria ya England inavyodai. Majimbo kadhaa ya magharibi mwa Marekani huruhusu siku mbili au zaidi, na kwenye uzio siku mbili ni nyingi mno.

Hata hivyo wafugaji wengi sasa wana mbwa walinzi, wale weupe wakubwa wa asili ya milima ya Pyrenees. Mbwa huyo huzurura usiku kucha kando ya uzio, na akimfukuza koyote hufika kwenye tundu lilelile. Kwa hiyo kabla ya kubishana na wengine kuhusu vitanzi, mfugaji ana swali lake mwenyewe: malisho haya yawe ya mbwa, au ya kitanzi?