Nani Ashike Daftari?

Kwenye simu, Kuhani wa mazimwi alikuwa ameshakufa. Kwenye karatasi alikuwa hai.

Ilikuwa Jumamosi usiku, na kampeni yetu, kisa cha mchezo wa kadi kinachoendelea kutoka kikao hadi kikao, tumeiweka kando karibu miezi miwili: Ramadhani ilipita hapo katikati, kisha ikafuata mitihani ya mpwa wangu. Mezani tuko watatu, mimi, shemeji, na huyo mpwa, binti wa dada yangu, ambaye ndiye aliyeshika simu.

"Mjomba, hapa wanasema Kuhani tulishamuua."

Shemeji hakumjibu. Alinyanyua kadi zilizokuwa juu, akachomoa chini ya sanduku karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye alama ya kitako cha kikombe cha chai. Mwandiko wake, wino wa bluu: Nyumba bado imesimama. Kuhani yu hai.

"Haya," akasema, "tumwamini nani?"

Tuliiamini karatasi, na haikuchukua muda kujua kilichotokea. Mara ya mwisho tulimaliza saa saba usiku, na mimi, usingizi umeshanishika, ndiye niliyeingiza matokeo kwenye simu, katika programu inayotutunzia kumbukumbu ya mchezo. Nilibonyeza mstari wa juu badala ya ule wa chini yake. Basi, ni hilo tu. Lakini tangu siku hiyo najiuliza kumbukumbu ya mchezo kama huu inafaa ikae wapi, na jibu langu la zamani, kwamba bila shaka ni kwenye simu, limeanza kuyumba.

Mchezo wenyewe ni Arkham Horror: The Card Game, uliotolewa mwaka 2016 na Fantasy Flight Games ya Marekani, kazi ya wabunifu Nate French na MJ Newman. Wachezaji ni wapelelezi wa miaka ya 1920 katika Arkham, mji wa kubuni huko Massachusetts. Hawashindani wao kwa wao. Wote wako upande mmoja, na adui yao ni rundo la kadi. Sisi tuliokulia kwenye karata za turufu tumezoea kwamba mkono ukiisha umeisha. Anayeweka hesabu anachora kwa chaki, mchezo ukimalizika anafuta, karata zinachangwa upya na ya jana yamepita. Huku hayapiti. Kampeni ya sanduku la kwanza ina sehemu tatu, na uliyoyafanya katika sehemu ya kwanza yanakufuata. Ukichoma nyumba yako mwenyewe ili uokoke, sehemu ya pili huanzii nyumbani, unaanzia mtaa wa Rivertown. Ukimwacha Kuhani hai, kadi yake inachanganywa ndani ya rundo la mikosi na itakutokea siku usiyoitaka. Na wafuasi wa imani ile ya giza watakaokuponyoka sehemu ya pili, idadi yao inaandikwa, na kadiri walivyo wengi ndivyo maangamizi yanavyoanza yakiwa karibu zaidi katika sehemu ya tatu.

Kwa hiyo daftari ni sehemu ya mchezo kama kadi zilivyo. Daftari likikosea, mnacheza kisa kingine, si chenu.

Programu inayotumiwa sana kwa kazi hii inaitwa Arkham Cards. Haikutengenezwa na kampuni bali na mpenzi wa mchezo, ni ya bure, na inaungana na ArkhamDB, tovuti ambako wachezaji huhifadhi seti zao za kadi. Unaweza kuitumia kama daftari tupu unalojaza mwenyewe, au kama kiongozi anayekupitisha kwenye kampeni hatua kwa hatua, akiuliza mmefanya nini, kisha akiandika kwa niaba yenu.

Hoja za upande wa simu ni nzito, nzito kuliko wapenzi wa karatasi wanavyopenda kukiri. Chukua alama za uzoefu. Mkimaliza sehemu mnazihesabu, kisha kila mmoja ananunua kadi bora za kuingiza kwenye seti yake. Kadi mpya inagharimu alama sawa na ngazi yake, ila hata ya ngazi 0 hutoki bila kulipa 1. Ukiboresha kadi uliyonayo tayari, unalipa tofauti ya ngazi tu. Si hesabu ngumu, lakini ifanye saa sita usiku kwa watu watatu, kila mmoja na kadi zake thelathini na ushei, uone. Ongeza kiwewe: mpelelezi aliyeangushwa kwa majeraha ataanza kila sehemu inayofuata akiwa na jeraha moja mwilini. Nani anakumbuka baada ya miezi miwili? Shemeji ni mhasibu kwa kazi yake, na hata yeye nimemkamata mara mbili akianza mchezo akiwa mzima kabisa ilhali alistahili kuanza akichechemea.

Na hiyo ni kampeni fupi. Zilizofuata zina mambo zaidi. Ile ya Carcosa, ya mwaka 2017, inakutaka uhesabu shaka yako na uthabiti wa imani yako, kila kimoja kwa safu yake. The Forgotten Age ya 2018 inaweka tarakimu ya ghadhabu ya Yig, mungu wa nyoka, na orodha ya vifaa mlivyobeba kwenda msituni. The Scarlet Keys ya 2022 inawapa ramani ya dunia nzima, kila safari inakula muda, na muda fulani ukifika mambo yanatokea mkiwa tayari au hamko tayari. Hiyo ya mwisho siwezi kumshauri mtu aiendeshe kwa kalamu peke yake, labda kama ana moyo wa karani wa bandari.

Kuna na suala la macho. Kitabu cha kampeni kinakuambia nenda Tamati ya 2. Unafungua ukurasa, na kabla hujaifikia ya 2 jicho limeshaokota mstari wa Tamati ya 1 na nusu ya Tamati ya 3. Mpwa wangu anasoma haraka mno, hawezi kujizuia. Simu inaonyesha kilicho chenu tu, mengine yote imeyafunika. Kwa mchezo unaoishi kwa siri, hilo si jambo dogo.

Sasa turudi kwenye kosa langu, maana pale ndipo nilipoona kitu ambacho sikuwa nimekifikiria. Nilipobonyeza tamati isiyo yetu, simu haikukosea mstari mmoja. Iliandika kila kilichofungamana na tamati ile: hali ya nyumba, hali ya Kuhani, alama za ziada, na nani ametoka na nini. Yote kwa mpangilio mzuri, yakiafikiana yenyewe kwa yenyewe, wala hapakuwa na alama ya kuashiria kwamba kuna mtu amesinzia. Kwenye karatasi shemeji aliandika kila jambo kwa mkono, moja baada ya jingine, na kila mstari ulikuwa nafasi ya kusema "ngoja kwanza, si alikimbia yule?" Karatasi inakosewa mara nyingi zaidi, nakubali. Lakini kosa lake hubaki pale pale lilipo. Kosa la simu ni nadra, ila likitokea linazaa.

Hapo kuna tofauti kati ya matumizi mawili ya programu ambayo mabishano mengi huyachanganya. Ile ya daftari tupu haina hatari hiyo sana, unaandika unachoona. Ile ya kiongozi ndiyo inayofikiri badala yako, na ndiyo inayopendwa, kwa sababu hiyo hiyo.

Halafu kuna mfuko. Kila unapojaribu jambo katika mchezo huu, iwe kupigana au kupekua chumba, unatia mkono kwenye mfuko wa vurugu na kuvuta kijiduara kimoja. Kwa kiwango cha kawaida cha kampeni ya kwanza mna vijiduara 16: vingine vina namba kuanzia +1 hadi −4, vingine vina michoro, na kimoja ni cha kushindwa papo hapo hata ungekuwa nani. Programu ina mfuko wake wa kidijitali, na pamoja nao kikokotoo cha uwezekano. Katika sehemu ya kwanza, kama pale ulipo hakuna zimwi na uwezo wako unalingana tu na ugumu wa jaribio, vijiduara vinavyokupitisha ni 6 kati ya 16. Ukiongeza 2 juu ya ugumu, vinakuwa 13 kati ya 16. Nilipolijua hilo nilicheza vizuri zaidi, siwezi kudanganya. Niliacha kubahatisha kwa usawa, nikaanza kutumia kadi hadi nifike hiyo mbili.

Lakini meza ilipoa. Zamani mpwa alikuwa anatia mkono kwenye mfuko, tulioushona kwa kipande cha kitenge, anavikoroga vile vijiduara huku anatutazama, sote tumeshika pumzi. Siku tulipotumia mfuko wa simu alibonyeza, ikatoka −1, akasema "tumepita", akanywa soda. Siku nyingine ilitoka ile ya kushindwa mara mbili mfululizo na shemeji akaanza kuituhumu simu kwamba ina njama. Hakuna njama, ni bahati tu, lakini mkono wa mtoto hakuwahi kuutuhumu. Mtu akilamba galasa kwa mkono wake mwenyewe hucheka. Akilambishwa na kioo hulalamika. Mfuko wa kitenge ulirudi wiki iliyofuata na sioni utaondoka tena.

Suala la uaminifu sitalikawiza. Wapo wanaosema simu inawazuia watu kudanganya. Si kweli. Mchezo ambao wote mko upande mmoja hauna wa kumdanganya isipokuwa nyinyi wenyewe, na programu hizi zina kitufe cha kurudi nyuma ambacho hakiachi alama. Kalamu ukifuta inaonekana umefuta. Sisi tuna mstari mmoja uliokatwa kwenye karatasi yetu, wa siku tuliyoamua kurudia pambano tulilolipoteza kwa uzembe, na kila tukiufungua ukurasa ule mtu lazima aseme kitu.

Linalonisumbua zaidi ni nani anashika simu. Michezo ya kushirikiana ina ugonjwa wake wa zamani: mmoja anayejua zaidi anageuka nahodha, wengine wanakuwa mabaharia wa kutumwa. Simu inaukuza ugonjwa huo. Aliyeishika ndiye anayesoma, ndiye anayejua kinachofuata, na ndiye anayeulizwa. Tukiwa na karatasi ilikuwa inazunguka meza, kila mtu akiandika yake kwa maneno yake. Ndiyo maana ile ya kwetu ni ya Kiswahili tupu ingawa kadi zote ni za Kiingereza: "kiwewe cha akili 1", "profesa katoroka", na pembeni, kwa mwandiko wa mpwa, "mjomba kaogopa panya". Hicho cha mwisho programu isingekiuliza.

Wengine wanakwenda mbali na kusema programu zote ni hatari kwa michezo ya mezani, siku zikifungwa sanduku linakuwa kuni. Hapo wanachanganya mambo. Kuna michezo ambayo bila programu haichezeki: XCOM ya 2015 ilikuwa hivyo, toleo la pili la Mansions of Madness la 2016 ni hivyo, na Journeys in Middle-earth ya 2019 pia. Kwa michezo hiyo, hofu ina msingi. Programu ya daftari haiko kundi hilo. Ikizimwa kesho, au simu ikiishiwa chaji umeme ukiwa umekatika, kadi ziko mezani na kitabu kiko sandukuni; utakachopoteza ni kumbukumbu tu. "Tu" hiyo ni kubwa ukiwa sehemu ya saba ya kampeni ya sehemu nane, lakini karatasi nayo hupotea. Yetu iliponea chupuchupu kwa kikombe cha chai.

Na kuna michezo isiyohitaji mjadala huu kabisa. The Crew, wa Thomas Sing, uliotoka 2019 na kuchukua tuzo ya Kennerspiel des Jahres Ujerumani mwaka uliofuata, una misheni 50 na ni wa turufu kabisa, mchezaji wa barazani ataushika kwa dakika kumi. Kumbukumbu yake ni kuandika mmejaribu mara ngapi hadi mkapita. Kumfungulia mtu programu kwa ajili hiyo ni kumwita fundi aje awashe taa.

Basi nyumbani kwetu tumefika hapa. Kampeni fupi zinaandikwa kwa kalamu, na usiku ukiisha tunaipiga picha karatasi, simu inatutosha kwa kazi hiyo. Kampeni ndefu tutaiachia programu hesabu na siri zake, mfuko hapana. Na anayeandika karatasi si anayeshika simu. Shemeji alilisimamia hilo kwa ukali wa kiofisi, akasema hata ofisini kwao anayeandika hundi siye anayesaini. Karatasi amekabidhiwa mpwa.

Usiku ule nilisahihisha simu, tukaitafuta kadi ya Kuhani, tukamchanganya ndani ya rundo na kuanza sehemu ya pili tukitokea nyumbani, maana nyumba haikuungua. Zamu ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Zamu ya tatu mpwa akavuta kadi, akaitazama peke yake muda mrefu kidogo, kisha akaiweka mezani uso juu bila kusema neno. Shemeji akamsogezea kalamu.