Mwarobaini wa bibi sio huu wa stendi

Mi nimekulia Tanga na uani kwetu kulikuwa na mwarobaini mkubwa, kwahiyo mtu akitaja mwarobaini sikumbuki chupa wala lebo, nakumbuka blanketi. Ukishikwa na homa bibi anachuma majani, anachemsha kwenye lile sufuria jeusi, anakukalisha kwenye kigoda, anakufunika blanketi la kijivu halafu ndo anafunua mfuniko. Jasho, machozi, makamasi vyote kwa pamoja, na ukitoa kichwa upumue unagongwa mwiko. Maji yakipoa unaogeshwa hayohayo, na kama una upele au tetekuwanga ndo kabisa.

Ila kwenye kunywesha bibi alikuwa mchoyo. Mtu mzima anapewa kikombe kimoja cha kahawa, vile vidogo visivyo na mkono, siku tatu basi. Mjamzito hapewi. Mtoto mchanga hata usiulize.

Sasa juzi nakuta jamaa stendi anauza unga wa mwarobaini kwenye chupa za maji zilizookotwa, tarehe hamna, kipimo eti vijiko viwili kutwa mara tatu, na unatibu sukari, presha, malaria, kansa, nguvu za kiume, yaani yale magonjwa arobaini yashafika mia. Nikamuuliza, mjamzito je? "Dada hii ni asili, haina madhara."

Haina madhara vipi wakati ni sumu ya wadudu! Kuna kitu kwenye mbegu kinaitwa azadirakitini, ndo kinachotengenezewa dawa za kupulizia mboga. Na mafuta ya mbegu, kuna watoto wadogo walinyweshwa wakapata degedege, wengine wakafa. Hata wakubwa wa dunia walipougombania huu mti hawakugombania chai: mwaka 1994 wizara ya kilimo ya Marekani na kampuni ya W.R. Grace walipewa hataza Ulaya (yaani haki ya kumiliki uvumbuzi) ya kuua ukungu wa mimea kwa mafuta yake, Wahindi wakaja juu (mti asili yake ni kwao, na wameutumia toka enzi), hataza ikafutwa 2000 na rufaa ikatupwa 2005.

Na mi mwenyewe sio mjanja hivyo. Mwaka juzi nilipata homa nikajifanya mganga, siku nne nakunywa maji ya mwarobaini machungu mpaka ulimi unakufa, masikio yanavuma, siku ya tano nikabebwa zahanati wakanitoboa kidole, mistari miwili, malaria. Dawa mseto siku tatu nikainuka. Bibi angenisema mpaka basi, manake yeye usiku ni blanketi lakini asubuhi homa ikiwa palepale anakushika mkono mnaenda hospitali.

Mti bado upo. Majani makavu naweka kwenye mahindi, fukusi hawasogei, na upele ukinitoka naogea. Kunywa nimemwachia yule wa stendi.