Chokoleti Ilisikilizwa Kwanza

Hakuna ombi ninaloletewa na wateja mara nyingi kama hili: "Kaka, iongeze mwanga kidogo, imekuwa nyeusi sana." Huja kwa WhatsApp, mara nyingi usiku, na ukiangalia bidhaa yenyewe ni kitu ambacho Mungu au kiwanda kimekifanya cheusi kwa makusudi: kahawa iliyokaangwa, kiatu cha ngozi, kabati la mninga, kopo la kakao. Ninapiga picha za bidhaa studio, za matangazo na za kava za majarida, na nina msimamo ambao umenikosanisha na watu kadhaa wenye pesa zao. Picha nyingi za bidhaa zinazotoka hapa kwetu zimepauka kwa sababu tunaiogopa rangi ya kahawia. Woga huo hatukuuanzisha sisi, ila sasa hivi sisi ndio tunaoulea.

Chanzo chake kina anwani. Kuanzia miaka ya 1950, Kodak, kampuni ya Marekani ya filamu za picha, ilizigawia maabara za kusafisha picha kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, maarufu kama kadi ya Shirley, jina la mfanyakazi wa kampuni aliyekaa mbele ya kamera kwa kadi za mwanzo. Mwaka 1954 Kodak ilikubaliana na serikali ya Marekani kuacha kuuza filamu huku gharama ya kuisafisha ikiwa imeshaingizwa humo humo, kwa hiyo maabara zisizo za Kodak zikahitaji kipimo cha pamoja. Kipimo kikawa ngozi ya Shirley. Fundi akiona mashavu yake yametoka sawa, mashine imekaa sawa, kazi iendelee. Mtoto mweusi aliyepigwa picha ya darasa pamoja na wenzake weupe alitoka macho na meno. Wazazi wakalalamika, na malalamiko yao hayakufika mbali.

Wakaja watengeneza chokoleti. Profesa Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, Montreal, aliwahoji watu waliofanya kazi Kodak, na walichomsimulia ndicho kinachonifanya niandike haya. Kampuni za chokoleti zililalamika kwamba kwenye matangazo yao chokoleti nyeusi na ya maziwa hazitofautiani. Wenye viwanda vya fanicha nao wakasema mbao za aina tofauti zinatoka rangi moja. Hapo ndipo maabara za Kodak zilipoanza kuishughulikia kahawia kwa dhati, na baadaye ikaja filamu iliyosifiwa kuwa inaweza kumnasa farasi mweusi penye mwanga hafifu. Farasi! Mtu mweusi alipata nafuu kwa mgongo wa peremende na kabati la nguo.

Hadithi hii husimuliwa kama habari ya ubaguzi, na ni kweli ndivyo ilivyo. Mimi naisoma pia kwa jicho la fundi. Watu waliokuwa na uwezo wa kuibana Kodak walikuwa wateja wa wapigapicha wa mezani kama mimi. Chokoleti ilikuwa na mtu wa kuisemea kwenye bajeti ya matangazo. Na hadi leo, mtu anayeamua kahawia ionekane vipi kwenye kava au bango huwa amesimama pembeni ya meza, mkono uko kwenye flashi, na anaweza kukubali au kukataa.

Kwa nini kahawia inasumbua? Kipima mwanga cha kamera hakijui kilichoko mbele yake. Kinadhani dunia nzima, ukiichanganya, inatoa kijivu cha katikati, kile cha kadi inayoakisi asilimia 18 ya mwanga tunayoitumia wapigapicha. Ukijaza fremu kahawa iliyokaangwa, kamera inaona giza na kuongeza mwanga mpaka punje zifikie kijivu chake. Simu nyingi hufanya hivyo hivyo bila kumuuliza mwenyewe. Kwa hiyo mteja anayeniambia picha ni nyeusi amefundishwa na simu yake kwa miaka kwamba kahawa ina rangi ya udongo mkavu.

Halafu lipo jambo ambalo wanaoanza kazi hii hulikosea. Kitu cheusi chenye mng'ao hakionyeshwi na mwanga unaokipiga. Kinaonyeshwa na kile kinachokiakisi. Weka kiatu cheusi kwenye chumba cheusi, kipige flashi utakazo, utapata vidoa vyeupe viwili vitatu na giza lile lile. Sogeza karatasi kubwa nyeupe karibu nacho, iinamishe vizuri, na mstari mrefu utatokea kuanzia kidole hadi kisigino. Kiatu sasa kina umbo, na hujaongeza mwanga hata kidogo. Sehemu kubwa ya kazi ya studio ni kuamua kitu "kitazame" nini.

Chukua mche wa chokoleti, kwa kuwa ndiyo tuliyoanza nayo. Siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, na Dar es Salaam mwezi wa Januari nyuzi 32 ni hali ya kawaida, kwa hiyo AC ikizimika kwa umeme kukatika, hesabu kazi imelala. Taa za kuwaka muda wote sizitumii kwa sababu zinapasha joto. Flashi inapiga na kuondoka. Glavu ni za pamba, maana alama ya kidole kwenye chokoleti haifutiki, inasambaa. Wapo wanaokimbilia friji. Ukiitoa chokoleti kwenye ubaridi wa friji ukaileta kwenye hewa yetu ya pwani, inatoka jasho, sukari ya juu inayeyuka, na ikikauka inaacha ukungu mweupe usioondoka. Mche wa kupangia mwanga ni mmoja, na mche mzuri hautoki kwenye karatasi yake mpaka kila kitu kimekaa sawa.

Mwanga wenyewe ni flashi moja, nyuma ya meza. Mbele yake naning'iniza karatasi ya kulainisha mwanga, pana, imeinama juu ya mche kama paa la kibanda. Flashi naielekeza upande mmoja wa karatasi ili upande huo uwake sana na mwingine ufifie taratibu. Chokoleti inauakisi mfifio huo: ukingo wa nyuma unang'aa, wa mbele unabaki kahawia nzito, na herufi zilizochongwa juu yake zinainuka zenyewe. Mbele naweka kadi nyeupe ya ukubwa wa kiganja, ishike ukingo wa karibu usizame. Pembeni, kadi nyeusi. Kisha napunguza mwanga chini ya kile kamera ilichotaka. Kuisogeza karatasi ile sentimita mbili kunabadilisha picha kuliko kuleta flashi ya pili, na ndiyo maana mteja anayekuja studio kuangalia huona nusu siku nzima mtu anasogeza karatasi.

Fremu ya kwanza ya kila kazi naipiga na kadi ya rangi yenye miraba 24, ile iliyotoka mwaka 1976. Mraba wake wa kwanza kabisa ni kahawia nzito, na jina ulilopewa ni ngozi nyeusi. Nautumia kupimia kahawa na viatu. Nimezoea, lakini kila nikiufikiria vizuri huwa nacheka kidogo: safari hii ngozi ndiyo inayoisaidia bidhaa.

Kwenye uchapaji ndiko uoga unakolipiwa. Kava inachapwa kwa wino nne: siani, majenta, njano na nyeusi. Kahawia inatengenezwa na zote, kwa hiyo ndiyo rangi inayomuumbua mchapaji mapema zaidi. Siani ikipungua kidogo, kahawa inakuwa nyekundu ya matofali. Ikizidi kidogo, inaingia ukijani wa tope. Anayetia giza bila kupima naye anapotea, kwa kuwa jumla ya wino zote nne, kila mmoja ukihesabiwa hadi asilimia 100, ikipita sana asilimia 300 kwenye karatasi nyororo ya jarida, wino haukauki vizuri na ukurasa unachafua mgongo wa mwenzake. Hakuna lolote kati ya haya unaloweza kuliamua kwa kioo cha simu kilichowekwa mwangaza wa mwisho, mtu amekaa kwenye daladala. Sampuli ya karatasi ndiyo inayoamua.

Sasa tuje kwa watu, maana kava ya jarida humuuza mtu kama bidhaa. Toleo la TIME la tarehe 27 Juni 1994 lilitumia picha ya polisi ya O.J. Simpson, mchezaji wa zamani wa futiboli ya Marekani aliyeshtakiwa kwa mauaji, iliyotiwa giza. Wiki hiyo hiyo Newsweek walitumia picha ile ile bila kuitia giza, na majarida mawili yakakaa pamoja kwenye meza za wauzaji, kila mtu akaona. Kwa hiyo mtu asidhani nasifia giza kwa ajili ya giza. Novemba 2017 Grazia ya Uingereza ikamtoa Lupita Nyong'o kwenye kava huku nywele zake zilizofungwa nyuma zimefutwa na za juu zimelainishwa. Alilalamika hadharani, na jarida pamoja na mpigapicha wakaomba radhi.

Kosa lile nalielewa linakotoka, na simtetei aliyelifanya. Mikono yetu imezoea kufuta. Kwenye chupa tunafuta vumbi, gundi iliyotokeza chini ya lebo, mkunjo wa karatasi, kivuli cha kamera kwenye kioo. Hayo yote ni halali, kwa sababu chupa atakayoinunua mteja dukani haina vumbi letu. Mkono ule ule ukifika kwenye kichwa cha mtu unaona nywele za kipilipili kama vumbi na weusi kama kivuli. Krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki na hidrokwinoni zimepigwa marufuku Tanzania, Kenya na Rwanda. Kitelezi cha mwangaza kwenye programu ya kuediti hakijapigwa marufuku popote, na matangazo ya mafuta ya kujipaka yanakitumia kila siku.

Hoja ya wateja naiheshimu. Wanasema picha nyeusi inazama kwenye simu ikiwa ndogo kama stempu, na mteja wao anaipita. Ni kweli inazama, ikiwa imepigwa vibaya. Dawa ni ukingo wenye mng'ao, bakigraundi iliyo nyepesi kuliko bidhaa, na kivuli kinachoeleweka. Ukipandisha mwangaza wa picha nzima, kahawa inageuka unga wa ulezi, na anayefungua pakiti nyumbani anajiuliza kama ameuziwa kitu kingine.

Siku hizi bei ninayompa mteja inakuja na sharti moja: sampuli ya karatasi tunaiangalia studio, dirishani, bidhaa yenyewe ikiwa imewekwa juu yake. Wengi hunyamaza wakiiona. Wapo wanaong'ang'ania hata hapo, na pesa ni yao. Hao nawapa faili zote mbili, ya kwangu na iliyong'arishwa, na kwenye hiyo ya pili jina langu nalitoa.