Maji ya Fukushima: bekereli trilioni 22, milisiverti kiduchu

Tarehe 24 Agosti 2023 Japani ilianza kumwaga baharini maji yaliyosafishwa ya kinu cha nyuklia cha Fukushima Daiichi, yaliyokuwa yamejazwa kwenye matangi zaidi ya 1,000 baada ya ajali ya 2011. Siku hiyohiyo China ikapiga marufuku mazao ya bahari kutoka Japani. Takwimu za pande zote mbili zilikuwa za kweli, ila kila upande ulishika kipimo kinachoufaa.

Wapinzani walishika bekereli. Bekereli moja ni kiini kimoja cha atomu kinachovunjika kwa sekunde, na kwa kuwa atomu ni ndogo mno, tarakimu zake hupaa haraka: ukomo uliowekwa wa tritiamu, yaani hidrojeni yenye mionzi ambayo uchujaji hauiondoi majini, ni bekereli trilioni 22 kwa mwaka. Nani asishtuke? Lakini bekereli haielezi mwili utapata madhara gani. Hilo hupimwa kwa siverti, na hapo ndipo watetezi walipojikita. Binadamu hupata wastani wa milisiverti (sehemu za elfu za siverti) 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani, hewani na kwenye chakula; ukomo wa nyongeza kwa raia ni milisiverti 1. Mionzi ya tritiamu haipenyi hata ngozi, hivyo hofu ni kuinywa au kuila. Nayo maji yale huchanganywa na ya bahari hadi yashuke chini ya bekereli 1,500 kwa lita, ilhali mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni 10,000.

Kwa upande wa fizikia, naona watetezi wana hoja nzito. Tatizo lao liko kwingine. Mwaka 2018 TEPCO, kampuni inayomiliki kinu hicho, ilikiri kwamba sehemu kubwa ya maji yaliyokwisha kuchujwa bado ilikuwa na elementi nyingine kupita viwango, ikiwamo strontiamu, ambayo hujikusanya mifupani kama kalsiamu. Ikabidi yachujwe tena. Tena mwaka 2015 wavuvi wa Fukushima waliahidiwa kwa maandishi kwamba hakuna kitakachofanyika bila maelewano na wahusika. Maji yakamwagwa wakiwa bado wanapinga. Samaki wao akikosa mnunuzi, hakuna milisiverti itakayowafidia.

Septemba 2024 Japani ilikubali China na nchi nyingine zichukue sampuli zao wenyewe, chini ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Ruhusa hiyo ilipaswa kutolewa kabla bomba halijafunguliwa.