Halua ya Pangoni

Tokea daktari aseme sukari yangu imeanza kupanda, nyumbani nachungwa kama mbuzi wa akika. Chai yangu haitiwi sukari. Tende nahesabiwa. Mwenye duka wa mtaani kwetu ameshapewa maelekezo na mke wangu, nikienda kununua biskuti huniuliza, "Za nani?" Nimeanza na hili makusudi, ili mkifika kwenye kosa langu msinihukumu kama mtu mzima asiye na akili. Mnihukumu kama mtu mzima mwenye njaa ya miezi minne.

Basi mama mkwe akaja na boti kutoka Wete. Hajavuka mlango, pua yangu imeshapokea taarifa: hiliki, kungumanga, samli. Halua! Mimi ni mtu wa Unguja, tena mwenye ubishi, lakini katika halua na Wapemba sibishani. Nikaruka kumpokea.

"Shikamoo mama. Nipe pakacha hilo nikubebee."

"Marahaba mwanangu. Liwache. Mna amana ya watu ndani."

Amana ya watu. Usiku ule niliamka kunywa maji mara tatu na mara zote tatu nikapotea njia nikajikuta jikoni. Hamna kitu. Pakacha lilikuwa chumbani kwake, karibu na mto wake. Mkwe ni mkwe, mlango ule haufunguliki hata ukiwa wazi.

Asubuhi yake shemeji, mdogo wake mke wangu, anayefanya kazi hotelini huko Paje, akapiga simu kwamba ana rafiki yake anatembeza wageni kwenye pango la Kuumbi, Jambiani, na Jumapili tukitaka twende naye pamoja. Huyu mama tulishamwambia Forodhani akasema joto, tukamwambia Darajani akasema watu wengi. Kusikia pango tu, akaweka kikombe chini.

"Huko ntakwenda."

Ningekuwa mtu wa kuunganisha mambo ningeshtuka hapo hapo.

Safari yenyewe haina hadithi, gari ya kukodi na mke wangu akimwambia dereva apunguze mwendo kutoka Mwanakwerekwe mpaka Jambiani. Hadithi inaanza mkishaipa bahari mgongo mkaingia uwandani. Asiyeujua uwanda wa kusini, ajue kuwa ni jiwe tupu lililotoboka toboka, udongo umejibanza kwenye vishimo, na jiwe lenyewe lina meno kama mbuzi ya kukunia nazi. Mimi, kwa vile natoka na mkwe, nilivaa makubadhi mapya. Mkanda wa kushoto ulikatika hata pango hatujaliona. Mama mkwe, umri wake sabini na kitu, na champali zake za bafuni, alikuwa mbele yetu hatua ishirini, pakacha begani.

"Mama, umebeba nini humo?"

"Maji. Na tambuu yangu."

Kwenye kundi letu walikuwemo Wajerumani wawili, mke na mume. Mume mrefu kama mlingoti na kila akielezwa kitu ana swali. Kijana mtembezaji alikuwa stadi, akiwapa wao Kijerumani halafu anatugeukia sisi na Kiswahili, na cha kwetu kilikuwa na mizaha zaidi. Alituambia jiwe tunalolikanyaga lilikuwa matumbawe baharini. Mvua inapita hewani na kwenye majani yaliyooza, inabeba kaboni dayoksaidi, inakuwa na ukali kidogo kama wa ndimu iliyozimuliwa sana, basi inalila jiwe polepole kwa maelfu ya miaka mpaka panabaki uvungu. Ile chokaa iliyoyeyuka nayo haipotei, inadondoka na tone la maji darini, tone linaondoka, chokaa inabaki. Ndiyo yale mawe yanayoning'inia.

Nikatikisa kichwa kama mtu anayejua. Mke wangu akaninong'oneza, "Acha kujifanya."

Tukashuka. Mdomo wa pango mkubwa, paa imeporomoka zamani sehemu moja na mwanga unaingia kwa juu, mizizi ya miti imeteremka kutafuta maji. Nje jua la saa sita, ndani baridi kama ya mtungi. Halafu harufu ya popo, ambayo sitaieleza kwa sababu wengine mnasoma mkila.

Hapo yule kijana akaanza mambo yake, na lazima niseme haki, nilivutika. Mwaka 2005 Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba hapo, na baadaye wakaja wataalamu wengine, wakakuta kuwa watu walikaa ndani ya pango lile tokea miaka kama 20,000 iliyopita. Zimeonekana ncha za mishale za mfupa za miaka 13,000 hivi, ambazo wataalamu wanadhani zilitumika na sumu. Na mifupa ya punda milia.

"Punda milia Jambiani?" mke wangu akauliza.

"Naam dada. Wakati ule bahari ilikuwa chini ya ilivyo leo kwa zaidi ya mita mia. Unguja ilikuwa imeshikana na bara, mnyama anakuja kwa miguu yake."

"Na Pemba?" Sauti ya mama mkwe ikatoka gizani.

"Pemba hapana, bibi. Mkondo wa Pemba una kina kirefu mno, bahari iliposhuka wenyewe uliendelea kuwa bahari. Pemba ilikuwa kisiwa zamani sana."

Mama mkwe akanigeukia. Miaka kumi na sita nimeoa kwake, sijapata kumuona na uso wa furaha kama ule.

"Nshasema miye siku zote. Nyinyi ni watu wa bara."

Nikanyamaza. Ningemjibu nini, na punda milia wameshatoa ushahidi? Kijana akaongeza kwamba watu wale wa kale walikula hata konokono, yale makubwa ya nchi kavu, magamba yake yamejaa kwenye udongo.

"Wa Unguja hao," akasema mama.

Tulipofika pahala pa kuinama kuingia ndani zaidi, mama akasema miguu imechoka, sisi twende, yeye atakaa hapo kwenye jiwe apunge hewa. Tukamwacha na pakacha lake.

Ndani huko yule Mjerumani aliuliza maswali, wallahi, mpaka popo wakahama. Nusu saa tumesimama tumeinamisha shingo. Mguu wangu mmoja una kiatu, mmoja hauna. Asubuhi nilikuwa nimekunywa chai kavu na mhogo wa kuchemsha. Nikamwambia mke wangu, "Naenda kumtazama mama," jambo ambalo mkwe mwema hulifanya, nikageuka na simu yangu mkononi kwa taa. Betri asilimia tatu.

Jiwe la mama halikuwa na mtu. Ameshapanda juu, nikasema, baridi ile si yake. Nikawa napapasa ukuta kutafuta njia ya ngazi, na hapo pua yangu, ile ile iliyompokea mlangoni, ikanishika bega.

Hiliki. Kungumanga. Samli.

Nikamulika. Kwenye ubapa wa jiwe, usawa wa kifua changu, kimekaa kijikapu cha ukili, kifuniko pembeni, na ndani yake halua nyeusi inayong'aa na lozi zimejipanga juu. Pembeni kuna moshi mwembamba wa ubani. Na mimi, mtu mzima niliyesoma chuoni na skuli, nikawaza nini? Nikawaza: hawa watu wa utalii wameendelea. Shemeji alisema safari ina kahawa na kitafunwa. Kitafunwa ndicho hiki. Na ubani wamewasha kuondoa harufu ya popo. Nikawasifu kabisa moyoni.

Simu ikazima.

Nilisema kidole kimoja tu. Halua ina tabia ya kunata, kidole kimoja kinaita cha pili kije kukisaidia. Halua ile ilikuwa laini, haijakaa siku tano, kungumanga inakupanda puani halafu lozi inavunjika chini ya jino, ta! Mwisho wake nilikuwa nimekikumbatia kijikapu kwa mkono wa kushoto na wa kulia unafanya kazi ya mwiko. Gizani hakuna daktari.

Tochi tatu zikaniwakia usoni kwa pamoja.

"Mzimu!" akapiga kelele yule kijana.

"Sukari!" akapiga kelele mke wangu.

Yule Mjerumani akapiga picha. Ipo Ujerumani huko sasa hivi, mimi na lozi kwenye masharubu.

Kijana alinitoa kijikapu mkononi taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. "Mzee wangu," akasema kwa sauti ya chini, "hiki si cha watu. Pango hili ni mzimu. Wenyeji huja kuweka nadhiri zao." Akamulika vizuri, nikaona sasa: yai, vitambaa vyekundu na vyeupe, sarafu, chupa ya marashi. Vyote vilikuwepo, ni macho yangu tu yaliyokuwa na kazi nyengine.

Mimi mambo ya mizimu siyaamini. Hilo nalisema kila kahawa ya jioni, barazani, kwa sauti. Lakini barazani kuna taa. Pale nilianza Ayatul Kursiy, nikakwama katikati kwa sababu ulimi umenata dari ya mdomo.

Tulipotoka nje mama mkwe alikuwa amekaa chini ya mti anatafuna tambuu. Shemeji akamsimulia. Mama akaacha kutafuna.

"Kala?"

"Kala, mama."

"Kaimaliza?"

"Kabakisha kwenye pembe pembe."

"La ilaha illa llah," akasema, akajifunika ushungi, na hakuniangalia tena. Nikajua nimeshamwaibisha mkwe wangu mbele ya Wajerumani.

Kijana akasema hapana budi mvyale, mzee anayesimamia mambo hayo, aambiwe. Akampigia simu akaiweka spika. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akakohoa, akauliza, "Ilikuwa nzuri?" Mimi nikasema naam mzee, nisamehe. Akacheka cheko refu. Halafu akasema neno lililonikata miguu: "Lakini wiki hii hakuna mtu wetu aliyepeleka kitu pangoni. Halua hiyo ya nani?"

Kutoka Jambiani mpaka mjini hakuna aliyezungumza. Ikiwa hakuna aliyeileta, basi nimekula nini, na kapika nani? Tulipofika Tunguu tumbo likaanza kunguruma. Hadi Fuoni nilikuwa nimeshawasamehe watu wote wanaonidai, na wale ninaowadai nikaanza kuwafikiria. Mke wangu alinipima sukari mara mbili, akaandika kwenye daftari, akasema tutazungumza kesho.

Usiku nikakaa uani peke yangu. Mama mkwe akatoka na kijaluba chake cha tambuu, akavuta kigoda, akakaa kimya. Akapaka chokaa kwenye jani la tambuu, akatia kipande cha popoo, akakunja. Mwishowe hakuweza kujizuia.

"Nusu kilo nzima, mwanangu?"

"Shetani tu, mama. Nisamehe."

Nikanyamaza. Kisha ikanijia.

"Mama. Umejuaje kama ni nusu kilo?"

Akatema tambuu. Akaangalia mlango kama mke wangu yupo karibu. Hayupo.

Tena akanieleza. Shoga yake mmoja wa Wete alikuwa na jambo lake miaka iliyopita, akaenda pale Kuumbi, likawa. Naye ana jambo lake. Ibada ni kwa Mungu, akasema, yeye anasali vipindi vitano, lakini kupeleka kidogo si vibaya. Ila binti yake akijua atampigia kelele mwezi mzima, ndiyo maana nisiseme. (Mke wangu hasomi vichekesho vyangu, anasema anaishi navyo.)

"Jambo gani, mama?"

"Nyumba yako."

Ya Fuoni. Ilifika linta mwaka 2016, ikasimama hapo, mbuzi wa jirani ndio wanaoihamia mvua zikianza.

"Niliomba uezeke," akasema. "Nikapeleka halua nzuri, ya fundi nnaemjua. Nageuza mgongo, nadhiri yangu inaliwa. Na anaeila nani? Mwenye nyumba!"

Boti ya Jumatano akarudi zake Wete. Tokea hapo hupiga kila Ijumaa baada ya sala. Hasalimii.

"Bati?"

"Bado, mama."

"Aa. Basi usinilaumu miye. Miye nshalipa."