Acheni Kuzikwangua Herufi za Watu

Sisi wakusanyaji wa vifaa vya mezani vya fedha tuna ugonjwa mmoja tunaoambukizana: kutaka kila kitu king'ae kama kipya. Kidau cha wino, kisu cha kufungulia barua, kijisanduku cha stempu, vyote vinasuguliwa mpaka vinapoteza sura. Mimi nasema vionekane vimetumika.

Kinachoniudhi zaidi ni kufutwa kwa herufi za majina. Zamani mwenye kidau alimpa sonara amchoree herufi zake ubavuni. Muuzaji wa leo anahofia kwamba hakuna anayetaka jina la mtu mwingine mezani kwake, basi anazikwangua. Ujanja huo hugundulika. Kipulizie pumzi taratibu, kama unayesafisha miwani. Mvuke ukitanda, utaona kivuli cha herufi zilizoondolewa, pengine na kiraka kilichounganishwa. Kisha pabonyeze kwa kidole gumba. Pakibonyea, ujue fedha imebaki nyembamba mno, na hapo hakuna dawa.

Chapa za ukaguzi, zile alama ndogo zinazopigwa kwenye fedha kuthibitisha ubora wake, nazo huliwa na msasa uleule. Kwenye fedha ya Uingereza, simba anayetembea huthibitisha sehemu 925 za fedha halisi katika 1,000, nanga ni ya Birmingham, na herufi moja hutaja mwaka. Zikififia, unabaki na maneno matupu ya muuzaji. Vifaa vilivyopakwa fedha kwa umeme, kazi iliyoenea baada ya Elkington, mtengenezaji wa Birmingham, kupata hataza mwaka 1840, ndivyo vinavyoumia upesi: ukizidisha kusugua, madini ya chini yanachungulia.

Wapo wanaouita ule weusi unaoota juu ya fedha uchafu. Ni fedha iliyoungana na salfa ya hewani tu, na ukikaa ndani ya mifereji ya nakshi ndio unaoifanya nakshi isomeke. Mimi hutoa vumbi na alama za vidole kwa maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa laini, nikakausha papo hapo. Vyenye kitako kilichojazwa lami havilowekwi. Na tafadhali, msivifunge kwa mipira. Mipira ina salfa, itaacha mistari myeusi.

Kwa hiyo nikikuta kidau kina herufi za mtu nisiyemjua, nakitaka zaidi. Muuzaji akinipunguzia bei kwa "kasoro" hiyo, simbishii.